Surf inayochemsha mlimani: kabla ya rejeta kubwa, tafuta upepo umepotelea wapi

Ndugu, umeeleza kwamba Toyota Surf yako yenye injini ya dizeli ya 1KZ-TE hutoka Mbale hadi Kampala kwa kilomita 100 kwa saa bila kuchemsha, lakini ukipanda njia za udongo huko juu Kapchorwa kwa gia ndogo, mzigo ukiwa nyuma, mshale hupanda na maji hufoka. Unauliza kama shilingi 1,200,000 ulizonazo zitatosha kununua rejeta ya alumini na feni mbili za umeme. Kuvinunua zitatosha, kukuponya sidhani, kwa sababu mimi niliifungia Prado yangu ya mwaka 1998, yenye injini hiyo hiyo, vitu hivyo hivyo, na leo havimo tena; nimerudisha rejeta na feni ya asili.

Dalili uliyoitaja ni nusu ya jibu. Gari likichemsha kwenye mwendo wa kasi, mara nyingi shida iko upande wa maji: rejeta imeziba ndani, pampu imechoka, au mpira wa chini unabonyea unapofyonzwa. Likichemsha linapotambaa, shida kwa kawaida ni upepo, maana kwa mwendo wa kilomita nane kwa saa hakuna upepo wa safari, na wote unaopita kwenye rejeta lazima uvutwe na feni. Rejeta kubwa isiyopitiwa na upepo itakuchelewesha kuchemsha kwa dakika chache tu.

Hilo nililijifunza kwenye barabara ya Kapchorwa kwenda Bukwo ilipokuwa bado ya udongo. Rejeta ilikuwa mpya, inang'aa, na feni mbili za umeme zilikuwa zinavuma kiasi cha kumfanya abiria wangu anisifu. Zote mbili kwa pamoja zilikuwa zinakula kama ampea 20, yaani chini ya wati 300, ilhali feni ya asili inayozungushwa na mkanda, ikishika sawasawa, huchota kilowati kadhaa kutoka kwenye injini yenyewe na kuzigeuza kuwa upepo. Sikuwa nimepiga hesabu hiyo. Baada ya nusu saa ya matope na gia ya kwanza, mpira wa juu ulichomoka kwa kishindo na kioo cha mbele kikafunikwa na mvuke, nikazima injini papo hapo. Tulikaa pale zaidi ya saa moja tukisubiri chuma kipoe, huku watoto wa jirani wakituletea maji kwa jerikeni ya njano iliyozibwa kwa ndizi mbichi. Hedi, yaani kichwa cha injini, ilisalimika kwa bahati, kwani hedi ya injini hii ni ya alumini na sifa yake ya kupasuka ikichemshwa inajulikana kwa kila fundi.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata shilingi moja, hakikisha kwamba hedi yako bado ni nzima, maana gari lako limekwisha kuchemsha zaidi ya mara moja. Asubuhi, kabla ya kuwasha, bonyeza mpira wa juu wa rejeta. Ukiukuta mgumu ilhali injini imelala usiku kucha, kuna gesi ya silinda inayoingia kwenye maji. Kisha fungua kifuniko injini ikiwa baridi, washa, na utazame shingo ya rejeta: mapovu machache ya mwanzoni ni hewa iliyobaki ndani, lakini mapovu yasiyokoma, yanayoongezeka unapokanyaga mafuta, yanamaanisha gasketi ya hedi imeungua au hedi yenyewe imepasuka, na hapo hakuna rejeta itakayokusaidia.

Kama hedi ni nzima, kifaa cha kwanza kununua ni kengele ya joto: kidude kidogo chenye waya ambao kichwa chake hufungwa kwa bolti kwenye chuma cha hedi. Mimi nililipa shilingi 120,000, na sijawahi kuzijutia. Usiitegemee geji ya dashibodi, kwa sababu mshale wa Toyota za umri huu umetengenezwa ukae katikati hata joto linapopanda nyuzi nyingi, na ukianza kuinuka tayari umechelewa. Faida nyingine ni kwamba kengele inayopima chuma hulia hata maji yakiwa yamekwisha kumwagika, wakati geji ya kawaida haina tena maji ya kupima.

Sasa upepo. Vua bolti za juu za rejeta, iinamishe nyuma kidogo, kisha mulika kwa tochi kati yake na kondensa ya kiyoyozi. Mimi nilikuta pale tabaka la vumbi jekundu lililogandamana na mbegu za nyasi, na katikati yake mabawa ya nsenene, wale panzi wa Novemba, wa mwaka ambao siwezi hata kuukisia, limekauka kama udongo wa tanuri. Kwa nje, kupitia grili, rejeta ilionekana safi kabisa. Osha kwa maji ya mpira wa kawaida ukielekeza kutoka upande wa injini kwenda mbele, na usimruhusu kijana wa kuosha magari kukaribia na mashine yake ya presha, kwa sababu itavilaza vijibati vyembamba vyote vya rejeta na utakuwa umejiharibia kwa mkono wako.

Ukimaliza hapo, ziba mianya. Hewa hupita palipo rahisi, na ikipata nafasi ya vidole viwili ubavuni mwa rejeta haitajisumbua kupenya katikati. Fundi mmoja mzee wa hapa Mbale alinikatia vipande vya kandambili kuukuu kwa kisu, akavishindilia pembeni na juu, kati ya rejeta na fremu yake. Nilidhani anatania, lakini vimedumu miaka minne, wakati sponji ya godoro niliyotangulia kuitumia iliyeyuka ndani ya miezi miwili. Angalia pia kava la feni, lile duara linaloizingira ili ivute hewa kupitia rejeta. La kwangu lilikuwa limevunjika nusu ya chini, hivyo feni ilikuwa inazungusha hewa ile ile ya moto. Nilichongewa jingine la bati kwa shilingi 60,000, kwa sharti kwamba bapa za feni ziingie ndani ya kava kama nusu ya upana wake.

Kisha klachi ya feni, yaani lile bakuli la alumini katikati ya feni lenye mafuta mazito ya silikoni ndani yake, ambayo ndiyo huifanya feni ishikane na injini. Injini ikiwa ya moto, izime, kisha usukume feni kwa mkono. Ikizunguka kwa wepesi zaidi ya mzunguko mmoja, mafuta yamepungua. Usikimbilie kununua nyingine iliyotumika pale Kisekka, soko la vipuri la Kampala, kwa kuwa nayo huenda ina umri ule ule wa yako. Nilifungua yangu, nikaongeza chupa mbili ndogo za mililita 18 za silikoni yenye uzito (mnato) wa namba 10,000, nikafunga. Siku iliyofuata feni ilikuwa inanguruma kama lori kila injini ilipopata moto, na kengele ilionyesha nyuzi 9 pungufu kwenye mlima ule ule, kwa mzigo ule ule.

Mambo ya maji nitayapitia haraka. Kifuniko kipya cha rejeta ni lazima, kwa sababu kwenye miinuko ya mita 2,000 maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, na kifuniko kinachoshika presha hupandisha kiwango hicho kwa zaidi ya nyuzi 20. Nunua chenye namba ile ile ya asili. Cha presha kubwa zaidi kitapasua tangi la plastiki lililozeeka. Thamostati, ile vali inayofungulia maji njia ya rejeta injini ikipata moto, usiiondoe, hata fundi akisisitiza kwamba nchi zetu ni za joto. Ile ya injini hii ina kisahani cha pili ambacho hufunga njia ya mkato injini ikipata moto, na ukiitoa, sehemu ya maji ya moto itarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Kulanti, yaani dawa ya kupoozea, weka sehemu moja kwa mbili za maji safi ya kuongezea betri (si asidi), na uache kabisa maji ya kisima, ambayo huacha magadi ndani ya mirija.

Kama Surf yako ni ya otomatiki, ujue kwamba mafuta ya gia boksi hupoozwa ndani ya tangi la chini la rejeta, na kwenye mwendo wa kutambaa joto lake ni kubwa. Kipoozeo cha pekee kutoka kwenye gari bovu, kikifungwa mbele pasipoziba kondensa yote, kinaiondolea rejeta mzigo huo kwa gharama ndogo. Hamisha pia zile taa kubwa ulizosema zimefungwa katikati ya bampa, na usishawishike kuinua boneti kwa nyuma, kwani chini ya kioo cha mbele hewa husukuma kuingia, haitoki.

Haya yote yalinigharimu pungufu ya shilingi 500,000, kengele ikiwemo. Ukiyafanya na joto bado linapanda, ndipo upeleke rejeta yako ya asili kwa mafundi wa Katwe, Kampala, ibadilishwe sega, yaani ile sehemu ya katikati yenye mirija, uwekewe la shaba lenye safu moja zaidi ya mirija. Mimi nilifanya hivyo mwaka uliofuata, na shaba ina faida kwamba fundi yeyote mwenye risasi na moto anaweza kuiziba huko porini, jambo ambalo kwa alumini halifanyiki. Feni za umeme zina sifa moja ninayoikubali: unaweza kuzizima kwa swichi kabla ya kuingia kwenye maji marefu, ilhali feni ya mkanda ikikutana na maji bapa zake hupinda mbele na kukwaruza rejeta. Mimi hufunga turubai mbele ya grili na kuvuka polepole. Tuandikie kwanza majibu ya ule mpira wa asubuhi, na kama unaweza, piga picha ya kati ya rejeta na kondensa kabla hujaosha.