Mchungwa unataka mbolea lini? Kwa mnaoanza kilimo huku Muheza

Wanaoanza shamba la michungwa karibu wote huniuliza, "Niweke mbolea gani?" Mimi huwauliza kwanza: mti wako sasa hivi unafanya nini? Umelala, unachipua, una maua, au umeshabeba matunda ya ukubwa wa goroli? Mfuko uleule wa CAN, mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni, hulipa au hupotea kutokana na jibu hilo.

Huku pwani hatuna baridi ya kuulaza mchungwa. Unalazwa na kiu. Kiangazi cha Julai hadi Septemba huusimamisha, kisha mvua za vuli zikishika, Oktoba au Novemba, unachipua na kutoa maua kwa pamoja. Machungwa ya maua hayo ndiyo tunayoanza kuchuma katikati ya mwaka unaofuata. Januari na Februari zikikauka sana, masika nayo huleta maua, na hapo utaona mti mmoja una maua na matunda makubwa kwa wakati mmoja. Ndiyo maana kalenda ya mkulima wa nchi nyingine haitakufaa.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hawaambiwi. Maua ya vuli hayali sana mbolea uliyomwaga wiki iliyopita. Sehemu kubwa ya naitrojeni yake, yaani kirutubisho cha kuchipua na kukua, hutoka kwenye akiba iliyomo ndani ya majani na matawi. Mti uliokaa na njaa tangu masika hauponi kwa mfuko mmoja wa Oktoba, hata uweke maradufu.

Kwa mti unaozaa, mimi hugawa mbolea ya mwaka mara tatu. Fungu la kwanza huingia mvua za vuli zikishalowesha udongo. La pili huingia maua yakishapukutika na vitunda kushika, maadamu unyevu bado upo. Hapa nataka mbolea yenye kirutubisho cha potashi pia, kwa sababu ndicho kinachosaidia tunda kunenepa. Usishtuke ukiona vitunda vingi vimedondoka wakati huo. Mti hujipunguzia mzigo wenyewe. La tatu ni mwanzo wa masika, kabla ya zile mvua kubwa za Aprili na Mei, maana kwenye udongo wa kichanga naitrojeni huoshwa ikapita chini ya mizizi. Baada ya hapo acha. Naitrojeni nyingi tunda likiwa linakaribia kuiva huchelewesha uivaji na kulifanya ganda kuwa nene. (Rangi isikudanganye: chungwa letu huiva likiwa kijani kwa sababu usiku wa pwani ni wa joto.)

Miche michanga ni habari nyingine. Ipe kidogo kidogo, mara nyingi zaidi, kila inapotaka kuchipua, na usiisogeze mbolea kwenye shina.

Kabla ya kufungua mfuko, chimba kina cha kiganja chini ya mti, ukamate udongo na kuufinya. Ukishikamana, endelea, ukimwagika kama unga, funga mfuko urudi nyumbani. Fagia majani makavu, chimba mfereji wa kina kifupi kuzunguka ukingo wa matawi, kwani huko ndiko kwenye mizizi midogo inayokula, nyunyiza, kisha fukia. Kama mbolea yako ni Urea, nayo ya naitrojeni, usiiache juu kabisa. Ukisikia harufu kali puani, hiyo ni hela yako inapaa.

Tena, Urea na CAN hazibadilishani kopo kwa kopo. Urea ina naitrojeni asilimia 46, CAN takriban 26. Gramu 100 za naitrojeni ni kama gramu 220 za Urea au 380 za CAN. Pima kopo lako kwenye mizani ya dukani mara moja, uliwekee alama.

Majani machanga yakiwa madogo, ya njano katikati ya mishipa, shuku upungufu wa zinki. Huo unatibiwa kwa kupulizia zinki kwenye majani mapya kabla hayajakomaa. Lakini mabaka ya njano yasiyolingana pande mbili za jani moja yanaweza kuwa ugonjwa, na hapo mbolea haisaidii. Mwite afisa ugani. Udongo nao upimwe. TARI Mlingano, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania chenye utaalamu wa udongo, kiko humuhumu wilayani.

Na kama hela inatosha fungu moja tu mwaka huu, wekeni la vuli, ila msipande mahindi chini ya matawi yakaja kulila.