Kaburi la Shaaban Robert liko Tanga, si Dar

Kuna wanaodhani mshairi na mwandishi wa Kiswahili Shaaban Robert alizikwa Dar es Salaam. Hapana ndugu, hakuzikwa Dar. Amelazwa Machui, kusini kidogo ya mji wa Tanga, upande uleule alikozaliwa mwaka 1909, katika kijiji jirani cha Vibambani. Alifariki 1962, Uhuru haujatimiza hata mwaka.

Nadhani kinachochanganya watu ni kwamba Dar ndiko jina lake linakoonekana kila siku: shule ya sekondari inaitwa Shaaban Robert, na ukienda Makumbusho ya Taifa, pale jirani na bustani ya mimea, kibao cha mtaa kina jina hilohilo. Lakini uhusiano wake na Dar ni wa shule zaidi, alisoma Msimbazi miaka ya 1920 kisha akaingia kazi ya ukarani serikalini. Hata ukihesabu vituo vyake vya kazi (forodha Pangani, baadaye Mpwapwa) utaona alirudi Tanga miaka ya arobaini, akaendelea na ukarani hapohapo. Habari za kazi zake kaziandika mwenyewe kwenye Maisha Yangu, kitabu chembamba, jioni moja unakimaliza.

Kwa hiyo kama mnapanga hitima au kisomo cha mashairi yake, pelekeni Machui. Ila angalizo: ni kaburi la Mwislamu kijijini, lina wenyewe. Piga hodi kwa wanafamilia na serikali ya kijiji kwanza, ndipo mkodi basi.