Pima feni kabla hujabadilisha fyuzi

Fyuzi ya feni za rejeta ikikatika kila ukikaa kwenye foleni na AC imewashwa, usikubali fundi akuwekee kubwa zaidi. Mimi nilikubali. Ya ampia 30 ikawa 40, nikatamba wiki mbili, mpaka siku moja pale Buguruni, Dar es Salaam, nikasikia harufu ya plastiki. Kufungua boneti, soketi ya rilei, ile swichi ya umeme inayowasha feni, imeyeyuka.

Nikaamua kupima mwenyewe. Kwanza nilitumia mita ya kawaida, nikaiunga katikati ya waya kwenye tundu la ampia 10. Feni kuanza tu, mita kimya: fyuzi yake ya ndani imeungua. Mota ikiwa inaondoka huvuta umeme mara kadhaa ya ule inaovuta ikishashika kasi.

Kinachotakiwa ni mita ya kubana, ile yenye taya. Dukani kuwa macho, maana nyingi za bei rahisi hupima ampia za AC tu (hii si AC ya ubaridi, ni umeme wa nyumbani), na kwenye gari zitakusomea sifuri ukadhani feni imekufa. Tafuta inayopima ampia za DC, umeme wa betri. Irudishe sifuri kabla ya kubana, na ubane waya mmoja pekee. Ukibana chanya na hasi pamoja, zinafutana.

Pima injini ikiwa inaunguruma, kwa sababu alteneta inatoa karibu volti 14 na feni huvuta zaidi kuliko kwenye betri peke yake. Washa AC, feni zitaanza. Mikono mbali na mapanga!

Feni ya kulia ilitulia kwenye ampia 9. Ya kushoto ilianza na 15. Baada ya dakika kumi ilikuwa 19 na bado inapanda. Zote zinapitia fyuzi moja, kwa hiyo tayari ni 28, hapo hujahesabu ule mvuto wa kuondoka. Nikazima gari, nikachomoa soketi za feni, nikazizungusha kwa kidole. Ya kulia iliserereka mizunguko kadhaa. Ya kushoto iligoma palepale, kama imeingia mchanga. Bushi, zile pete zinazoshika mhimili wa mota, zimekwisha.

Mota nyingine niliipata kwa muuza vipuri wa mtaa wa Gerezani. Kabla ya kulipa niliomba betri, nikaifunga panga, nikabana waya wake: 8 na ushee. Muuzaji alinitazama kama nimekuja kumpima malaria. Fyuzi ya 30 imerudi mahali pake.