Unga wa kijani kwenye sarafu ya Kirumi: weka siki mbali

SWALI: Niko Uingereza. Nimenunua sarafu ya shaba ya Kirumi, yenye maandishi VRBS ROMA (Jiji la Roma) na mbwa mwitu jike akinyonyesha watoto wawili. Ni ya kijani kilichokolea, ila ukingoni pametokea madoa ya unga wa kijani mpauko. Rafiki anasema niiloweke kwenye siki na chumvi ing'ae. Nifanye hivyo?

JIBU: Usithubutu, ndugu yangu, na huyo rafiki mwambie aache kuwashauri watu. Sarafu hizo zilianza kupigwa mwaka 330, mfalme wa Roma Constantine alipozindua Constantinople, Istanbul ya leo. Tazama chini ya mbwa mwitu: herufi kama TRP au TRS zinaonyesha ilipigwa Trier, mji ulio Ujerumani ya leo. Herufi hizo, na nyota mbili za juu, zimebaki ndani ya ile ngozi ya kijani kilichokolea ambayo watu hung'ang'ania kuiita uchafu. Si uchafu! Ni uso wenyewe wa sarafu, uliogeuka patina, yaani utando wa ukale, kwa miaka zaidi ya 1,600 ardhini. Ukiumenya kwa siki, mara nyingi unabaki na kidude chekundu chenye vishimo, mchoro umekwenda.

Ule unga mpauko ndio maradhi. Kloraidi, aina ya chumvi ya udongoni, imejificha ndani ya shaba. Ikipata unyevu na hewa hutoa unga huo pamoja na asidi ya haidrokloriki, nayo hula shaba zaidi. Siki huondoa unga wa juu tu. Na chumvi ni kloraidi! Unaiongezea sarafu kitu kilekile kinachoiua.

Kwangua unga kwa kijiti chenye ncha ukitumia kikuza, loweka sarafu kwenye maji yaliyokenekwa ukiyabadilisha mara kwa mara, ikaushe kabisa, kisha ifungie na silika jeli (vipunje vya kufyonza unyevu), unyevu wa hewa usizidi asilimia 40. Unga ukirudi, mwone mtaalamu wa uhifadhi. Benzotriazoli, kemikali anayotumia kuzuia shaba isiliwe, ni sumu, usiichezee jikoni.

Kila wiki naletewa sarafu zilizochunwa kwa limau, soda, hata umeme wa chaja. Zile kubwa za mfalme wa Roma Diocletian, za kuanzia karibu mwaka 294, zilipakwa utando mwembamba wa fedha; asidi hula shaba iliyo chini yake, utando ukabanduka, na hakuna wa kuurudisha. Halafu wauzaji huzipaka dawa ya viatu zionekane za kale tena. Kabla ya kulipa, omba kuifuta kwa pamba yenye asetoni, kiowevu kinachoyeyusha rangi. Pamba ikitoka na rangi, mwachie muuzaji sarafu yake.