Kabla hujaandika kwamba kiungo kimezidi kuharibika

Wadogo zangu mnaoanza kusoma radio (picha za eksirei) za wagonjwa wa baridi yabisi, nianze na aibu yangu. Mwaka wangu wa kwanza hapa Bukavu niliandika kwamba nafasi ya kiungo cha kidole cha shahada, pale kinaposhikana na kiganja, imepungua sana ndani ya miezi sita. Mama fundi wa radio alipoitazama ile picha akacheka. “Dokta, huyu mzee siku ile vidole vilimkatalia kunyooka. Mkono ulikaa nusu umekunjika.” Tukampiga nyingine, kiganja kikiwa bapa kadiri alivyoweza. Nafasi ikarudi.

Kwenye chumba cha daktari kosa la namna hiyo linaishia kwenye kicheko. Kwenye majaribio ya dawa linaingia kwenye hesabu, na huko hakuna mama wa kulicheka.

Alama za kupimia uharibifu wa viungo kwenye picha zinazotumika sana ni za Sharp kama zilivyorekebishwa na van der Heijde. Zinaanzia 0 hadi 448: 280 ni za mifupa iliyolika, 168 za nafasi zilizopungua, mikono na miguu pamoja. Usidanganywe na ukubwa wa 448. Katika majaribio ya siku hizi wagonjwa wengi hawasogei hata alama moja kwa mwaka, na wanaosogea mara nyingi ni alama chache tu.

Hapo ndipo wengi wanateleza. Tuseme mimi nimempa mgonjwa 40 kwa picha ya kwanza, kisha 43 kwa ya pili. Mwenzangu kampa 52, kisha 55. Anayelinganisha alama zetu ataona pengo la 12 na kusema hatuelewani. Kumbe wote tumeona badiliko la 3! Jicho la mwenzangu ni kali tu, na ukali huo unajifuta wenyewe akitoa ya kwanza kwenye ya pili. Kuna na kinyume chake: watu wanashangilia uwiano wa 0.95 kati ya alama za wasomaji wawili (1 ndiyo ukomo). Ikiwa mgonjwa mmoja ana 10 na mwingine 150, nani atashindwa kuwapanga? Wasomaji haohao wanaweza kugombana kabisa juu ya badiliko la 3.

Kwa hiyo pimeni kosa kwenye badiliko. Kwa kila mgonjwa, chukua badiliko aliloona msomaji wa kwanza, toa la msomaji wa pili, halafu tafuta mchepuko sanifu wa tofauti hizo zote, yaani jinsi zinavyotawanyika. Tuseme ni 5. Zidisha kwa 1.96, gawa kwa kipeuo cha pili cha 2: unapata kama 6.9. Kwa msomaji mmoja, badiliko la mgonjwa lililo chini ya hapo huwezi kulitenganisha na kosa. Mkitumia wastani wa wasomaji wawili, mpaka unashuka hadi 4.9. Ndiyo maana sikubali kusoma peke yangu, hata bajeti ilie vipi. (Hiyo ni kwa mgonjwa mmoja mmoja, wastani wa kundi kubwa unaweza kuonyesha tofauti ndogo zaidi.)

Msomaji asijue nani alipewa dawa ipi. Hilo halina mjadala. Tarehe za picha zina mjadala. Anayejua ipi ilitangulia huona mabadiliko mengi zaidi, ya kweli na ya kujitungia. Mnaojifunza, zificheni.

Mkizificha mtapata minus 2, minus 3. Mwanafunzi mmoja aliniletea daftari ambamo kila minus ilikuwa imefutwa na kuwa 0, eti mfupa haujiponyi. Nikamwonyesha: nyingi ya minus hizo zinatokana na kosa lilelile linalozaa jumlisha 2 na jumlisha 3 za uongo. Ukifuta upande mmoja, wastani unapanda bila kiungo hata kimoja kuharibika. Nikamrudisha asome upya picha za watu 20, baada ya wiki mbili, bila kuchungulia daftari la kwanza. Akarudi na minus 4.

“Mukubwa, hii niiache?”

“Iache.”