Kadi ya alama na kura za Topeka: Bi Mhasibu anajibu

Shikamoo Bi Mhasibu. Nina kampuni ndogo ya kusafisha maofisi hapa Wichita. Juzi nimeletewa kadi kwa posta na chama kimoja cha wafanyabiashara. Inasema mwakilishi wetu katika Bunge la jimbo la Kansas, kule Topeka, ni adui wa biashara ndogo, na imempa alama ya chini kabisa. Lakini mwenyewe alikuja kanisani kwetu akatuambia yeye ni mtetezi wa wenye biashara kama mimi. Mwaka huu nitapiga kura kwa mara ya kwanza tangu nipate uraia. Nimwamini nani?
*Mwenye ndoo na fagio, Wichita*

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa uraia. Usimwamini yeyote kati yao mpaka uzione kura zenyewe. Zimeandikwa, ziko wazi kwenye tovuti ya Bunge la Kansas, na kuzisoma si kazi ya wanasheria peke yao.

Kwanza ujue kadi hizi zinatengenezwaje. Chama huchagua kura chache kati ya mamia yaliyopigwa katika kikao kizima, huamua jibu sahihi la kila moja, kisha huhesabu mbunge amelingana nalo mara ngapi. Kura ni za kweli, hakuna aliyezitunga. Ila mwenye kuchagua maswali ndiye mwenye kuamua nani afaulu. NFIB, chama cha biashara ndogo kilichoanzishwa mwaka 1943, angalau huwauliza wanachama wake kwa kura ya maoni kabla ya kushika msimamo, na hilo nalipa heshima yake. Vyama vya wafanyakazi navyo vina kadi zao, na kura ileile inayompa mbunge alama huku inaweza kumnyima kule. Shirika la Americans for Tax Reform la Grover Norquist halingoji hata kura ipigwe. Tangu miaka ya 1980 limekuwa likiwaomba wanasiasa, wa Washington na wa majimboni, watie saini ahadi ya kutopandisha kodi.

Sasa nikupe kisa cha hapa kwetu, maana bila kisa hiki huwezi kusoma kadi yoyote ya Kansas.

Mwaka 2012 Gavana Sam Brownback alitia saini sheria iliyofuta kodi ya mapato ya jimbo kwenye faida ya LLC (kampuni ndogo ambayo faida yake hutozwa kodi kwa mwenyewe), ubia, shamba na biashara ya mtu mmoja, kuanzia mapato ya 2013. Mswada huo ulipofika Seneti mwezi Machi ulianguka: 20 kwa 20. Siku hiyohiyo baadhi ya maseneta wakabadili kura, baada ya kuombwa waupitishe tu ili mazungumzo na Baraza la Wawakilishi yaendelee. Walitarajia urudi ukiwa umepunguzwa makali. Haukurudi. Baraza likaupitisha kama ulivyo, ukaenda moja kwa moja kwa gavana. Kwenye karatasi, maseneta wale walipiga "ndiyo" kwa punguzo kubwa la kodi. Ukweli ni kwamba walipiga "ndiyo" ili majadiliano yasife. Hakuna asilimia inayoweza kukuonyesha tofauti hiyo.

Miaka iliyofuata nilikuwa nikijaza fomu za kodi za watu wa pande zote mbili. Mwenye kampuni ya umeme ananiletea faida nzuri, na kodi ya Kansas kwenye faida hiyo ni sifuri. Fundi wake, aliyeajiriwa, anakatwa. Kufikia 2016 kiwango cha juu cha kodi kwenye mshahara wake kilikuwa asilimia 4.6. Na kuna jambo ambalo sikuwahi kuliona kwenye kadi hata moja: sheria ileile ilizuia kukata hasara ya biashara kwenye fomu ya jimbo. Aliyefungua mgahawa, akapata hasara mwaka wa kwanza, na mkewe ana mshahara, aliikata hasara hiyo kwenye fomu ya serikali kuu. Kwenye fomu ya Kansas aliambiwa airudishe kwenye mapato. Yaani sheria iliyoitwa ya biashara ndogo ilimnufaisha aliyekwisha kusimama, na ikamnyima nafuu aliyekuwa bado anatambaa. Nililieleza hilo kwa wateja wangu kila msimu wa kodi, na hasira yake sijaimaliza.

Fedha za jimbo zikapungua. Mwaka 2015 Bunge likapandisha kodi ya mauzo kutoka asilimia 6.15 hadi 6.5 ili kuziba pengo. Wewe, mdogo wangu, unaponunua sabuni na vitambaa vya kazi unalipa asilimia hiyo hadi leo.

Februari 2017 wabunge walipitisha mswada wa kuirudisha kodi, gavana akaukataa kwa kura ya turufu. Kulibatilisha katazo la gavana kunahitaji theluthi mbili: 84 kati ya 125 katika Baraza, 27 kati ya 40 katika Seneti. Baraza likapata 85. Seneti ikaishia 24. Mwezi Juni wakajaribu tena kwa mswada mwingine, na safari hii Baraza likapata 88, Seneti ikapata 27 kamili. Mtu mmoja tu angeondoka, jambo lote lingekufa. Na kumbuka kwamba mabaraza yote mawili yalikuwa mikononi mwa Republican, chama cha gavana mwenyewe.

Kadi inayohesabu kila ongezeko la kodi kuwa kosa itawaandika wale 27 kuwa wameikosea biashara. Mimi nasema walifanya kazi waliyotumwa. Hasara za biashara zikaanza kukatwa tena kwenye fomu ya jimbo, fundi na tajiri wake wakarudi kwenye viwango vilevile, na shule, ambazo Mahakama Kuu ya Kansas ilikuwa imesema mwezi Machi hazipewi fedha za kutosha, zikapata mahali pa kuchotewa. Unaweza kutokubaliana nami, na wateja wangu wengine hawakubaliani. Lakini tubishane juu ya sheria yenyewe, tusibishane juu ya alama.

Kwa hiyo, unapofungua kura za mwakilishi wako, anza na zile zilizokuwa karibu. Kura iliyopita bila mpinzani haikuambii kitu juu ya mtu, hata kama kadi imeihesabu. Tafuta zile ambazo watu watatu wangebadilisha matokeo. Februari 2024, kwa mfano, Baraza lilijaribu kubatilisha turufu ya Gavana Laura Kelly juu ya kodi ya kiwango kimoja cha asilimia 5.25. Wakapata 81, wakapungukiwa na watatu. Mwezi Juni, katika kikao maalumu, ukapita mpango mwingine kwa kura nyingi za vyama vyote viwili: viwango viwili, asilimia 5.2 na 5.58, na kodi ya jimbo kwenye malipo ya Social Security, yaani pensheni ya serikali kuu, ikafutwa. Aliyekataa Februari akakubali Juni hakuyumba. Alikuwa anapinga namna ya kupunguza, hakupinga kupunguza. Kama mwakilishi wako ni mmoja wao, kadi iliyobeba kura ya Februari peke yake haijakutendea haki.

Kisha soma ndani ya mswada, usiishie kwenye namba na jina lake. Topeka wana mazoea ya kuuchukua mswada uliokwisha kupita upande mmoja, kuyatoa maneno yake yote na kuweka mengine kabisa. Mswada ulioanza kwa jambo la bima unaweza kumaliza kwa jambo la kodi. Na mwisho wa kikao kamati ya pamoja ya mabaraza mawili huweza kufunga miswada kadhaa katika furushi moja ambalo mbunge hana ruhusa ya kulirekebisha: ni ndiyo au hapana kwa yote. Hapo ndipo wengi hutumia haki yao ya kuandika maelezo ya kura kwenye jarida rasmi la Bunge. Yasome. Mara nyingi ni mistari mitano tu, na inakueleza kuliko kadi nzima.

Angalia pia kutokuwepo. Katiba ya Kansas inataka mswada upate wingi wa wajumbe wote, yaani 63 katika Baraza na 21 katika Seneti, hata kama nusu ya viti vitupu. Asiyekuwepo hapigi "hapana", lakini matokeo ni yaleyale.

Ukishayaona hayo, mwandikie mwakilishi umuulize juu ya kura moja unayoitaja kwa tarehe. Jibu lake litakusaidia kuamua.

---

Bi Mhasibu, hujambo? Mimi niko Portland, Oregon. Nasikia maseneta wetu waliwahi kukimbia Bunge ili kodi ya biashara isipite. Kukimbia nako ni kupiga kura?
*Dereva wa lori, Portland*

Sijambo kaka. Kwenu ndiyo, na ni kura yenye nguvu kuliko nyingine.

Seneti ya Oregon ina watu 30, na haiwezi kufanya kazi bila 20 kuwepo. Zaidi ya hapo, mswada wa kuongeza mapato ya serikali unahitaji tatu ya tano, yaani 18. Mei 2019 Democrats walikuwa na 18 hasa: wanatosha kuipitisha kodi, hawatoshi kufungua kikao. Republican wakaondoka, kikao kikakwama.

Walirudi baada ya makubaliano ambayo hayakuhusu kodi hata kidogo. Mswada mmoja wa bunduki na mwingine wa chanjo iliwekwa kando, na Mei 13 kodi ikapita kwa 18 dhidi ya 11. Ndiyo maana mtu akikuuliza seneta fulani alipigaje kura kwenye kodi ya biashara ya 2019, ukimjibu kwa "hapana" tu umemwachia nusu ya habari. Kwa kurudi ukumbini wapinzani waliiwezesha kodi waliyoipinga, na kwa kurudi huko walipata walichokitaka kwingine.

Kodi yenyewe ilianza Januari 2020 na fedha zake ni za shule. Inatozwa kwenye mauzo, si kwenye faida: dola 250, na asilimia 0.57 ya kinachozidi dola milioni 1 baada ya kupunguza asilimia 35 ya gharama za bidhaa au za wafanyakazi, ile iliyo kubwa. Kama lori ni lako mwenyewe na mauzo yako hayafiki milioni, hulipi kodi hiyo. Naona kizingiti hicho ni cha haki. Kutoza mauzo badala ya faida sikupendi, kwa sababu mwenye faida nyembamba huumia sawa na mwenye faida nono.

Mwaka 2022 wapigakura wenu walipitisha kanuni kwamba mbunge mwenye siku 10 za utoro bila ruhusa hawezi kugombea muhula unaofuata. Maseneta 10 wakafikisha siku hizo mwaka 2023, na Mahakama Kuu ya Oregon ikaithibitisha Februari 2024.

---

Shikamoo dada. Nina duka la vyakula Olathe. Mwakilishi wetu alijisifu kwamba aliondoa kodi ya chakula, lakini wateja wangu bado wanaona kodi kwenye risiti ya unga na mchele. Wananidhania mimi mwizi.
*Mama wa duka, Olathe*

Marahaba. Wewe si mwizi, na mwakilishi hakudanganya. Kilichoondolewa ni fungu la jimbo. Lilishuka kutoka 6.5 hadi 4 Januari 2023, likawa 2 Januari 2024, na sifuri tangu Januari 1, 2025. Fungu la mji na la kaunti limebaki, nawe lazima ulitoze. Chakula unachokipika dukani na kukiuza kikiwa moto hakimo katika msamaha huo, kinabeba kodi yote. Hakikisha mashine yako ya malipo inavitofautisha hivyo viwili, kwa sababu ukikosea unayedaiwa ni wewe.

Kuhusu sifa zake: mwaka 2022 kuondoa kodi hiyo kuliungwa mkono na karibu kila mtu. Ugomvi ulikuwa juu ya kasi. Gavana Kelly alitaka iondoke mara moja, viongozi wa Bunge wakachagua hatua za miaka mitatu. Muulize alisimama upande gani wa ugomvi huo. Bandika karatasi kaunta inayoeleza kodi iliyobaki ni ya nani.

---

Habari Bi Mhasibu. Sina uraia, nina kadi ya kijani. Naruhusiwa kusema chochote Topeka juu ya kodi?
*Kinyozi, Kansas City*

Nzuri, mwanangu. Kupiga kura huruhusiwi, na usijaribu kabisa, utajiharibia mambo ya uhamiaji. Kutoa ushahidi mbele ya kamati unaruhusiwa. Kamati za kuziangalia ni ya kodi katika Baraza na ile ya makadirio na kodi katika Seneti. Miswada mingi hufia huko bila kupigiwa kura ukumbini, kwa hiyo maneno yako yana uzito zaidi pale kuliko baadaye.

Maandishi hutumwa kwa msaidizi wa kamati kabla ya siku ya kusikilizwa, na lazima useme unaunga mkono, unapinga, au huna upande. Ukurasa mmoja unatosha: una viti vingapi, umeajiri wangapi, mswada huo utakutoa au kukuongezea kiasi gani kwa mwaka. Hesabu yako ya kweli itasomwa kwa makini kuliko hotuba. Yatabandikwa kwenye tovuti yakiwa na jina lako, basi usiweke namba ya Social Security wala ya benki. Kikao huanza Januari, hivyo anza kukusanya risiti sasa. Ukitaka nikukagulie hesabu kabla hujatuma, niletee mapema, kabla msimu wa fomu haujaanza.