Niliuza bangili nikanunua kiwanja cha bomba la gesi

Juzi usiku niliandikiwa na msomaji mmoja, kijana wa Duga hapa hapa Tanga: "Dada, nimelipwa mafao yangu ya kiwandani. Dalali ananiambia viwanja vya Mabokweni vitapanda kwa ajili ya bomba la gesi. Nitie pesa au nisitie?" Nikacheka peke yangu jikoni, halafu kicheko kikakata. Maneno ya dalali huyo nayajua kwa moyo.

Mei 2021 Rais Samia alikwenda Nairobi, na Tanzania na Kenya zikatia saini makubaliano ya bomba la gesi asilia kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa. Ukitazama ramani, safari hiyo itaikwepaje Tanga? Nami ramani niliitazama mno. Nikauza bangili mbili za dhahabu alizoniachia marehemu mama, nikaongeza pesa ya mchezo, nikanunua kiwanja Mabokweni kando ya barabara ya Horohoro. Mafundi wa bomba watataka kula, nikasema, watataka na pa kulala. Mpishi nilishaanza kumtafuta. Shemeji yangu aliuliza swali moja tu: "Hiyo gesi kanunua nani?" Nikamwambia ana husuda.

Hadi leo sijaona hata kigingi.

Swali lile linaniuma mpaka kesho, hasa kwa kuwa lilitoka kwake. Gesi huchimbi ukaiweka stoo kama mahindi ukisubiri bei. Anayetoa mabilioni kujenga bomba au kiwanda anataka kwanza mnunuzi aliyesaini kuichukua kwa miaka mingi, mara nyingi 15 au 20. Sasa Mombasa nani angesaini? Kenya umeme wake mwingi unatoka kwenye jotoardhi ya Olkaria, maji na upepo. Hilo lilikuwa wazi tangu 2021 kwa yeyote aliyeuliza, na mimi sikuuliza.

Hata Lindi ni yale yale. Gesi iliyogunduliwa nchini inafika futi za ujazo trilioni 57, nyingi zikiwa bahari kuu. Mradi wa kuigeuza iwe kimiminika ili isafirishwe kwa meli, pale Likong'o, Lindi, ulikadiriwa dola bilioni 42, na mazungumzo yamezeeka. Vita vya Ukraine vilipoanza 2022, Ulaya ikawa inanunua gesi kwa bei yoyote, nikajisemea zamu yetu imefika. Kumbe wenye mitambo tayari ndio waliokula. Marekani ikawa muuzaji mkubwa kuliko wote duniani wa gesi ya kimiminika, Qatar nayo inajipanua kutoka tani milioni 77 kwa mwaka kwenda 142. Ulaya yenyewe ikazidisha umeme wa jua na upepo ili isibabaishwe tena. Hapa nyumbani zaidi ya nusu ya umeme wa gridi ulikuwa wa gesi, sasa limekuja bwawa la Nyerere na megawati zake 2,115. Sisemi gesi imekufa. Nasema mnunuzi wa leo anachagua.

Kilichoniinua mimi ni mitungi. Nina duka Ngamiani, na kijana wangu anapeleka mitungi kwa baiskeli, ule wa kilo 15 kaufunga kwa mpira wa tairi kuukuu nyuma ya siti. Bibi mmoja wa Barabara ya 12 kila akija lazima anigombeze: "Mwanangu, gesi si tunayo wenyewe Mtwara? Mbona yapanda?" Namweleza tena kwamba ya Mtwara hupita kwenye bomba, hii ya mtungi ni kitu kingine na nyingi inaletwa na meli kutoka nje, kwa hiyo dola ikicheza nasi tunacheza. Ananisikiliza huku akipaka povu la sabuni kwenye regulata kuona kama inavuja, kama nilivyomfundisha. Mwezi unaofuata anauliza vile vile.

Bibi huyo amenifundisha soko kuliko semina zote. Tarehe 3 anachukua mtungi wa kilo sita. Ukiisha tarehe 20 haji, anarudi kwenye mkaa, kwa sababu mkaa unauzwa kwa kopo na mtungi hauuzwi kwa kopo. Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, nami naunga mkono kwa mikono miwili, ila atakayepata njia ya kumuuzia bibi yule gesi ya elfu moja ndiye atakayekuwa tajiri wa mji huu. Mimi nilianza na mitungi minane. Shemeji siku hizi ananunua kwangu, na simpunguzii.

Kwa hiyo kaka, na nyie vijana wote mnaoniandikia, acheni kununua tetesi. Muulize dalali nani kasaini kununua. Asipomtaja, ondoka. Akikwambia bomba la Chongoleani, mkumbushe kwamba lile la kutoka Hoima, Uganda, ni la mafuta ghafi, halina gesi. Simama hata wiki nzima mlangoni pa duka lolote la mitungi uone nani anatoa pesa na siku gani, ndipo utoe zako. Mafao ni jasho lako, usiyafanye kama mimi nilivyozifanya bangili za mama.

Na kama baada ya yote haya bado roho inakutuma Mabokweni, nipigie mimi kabla ya dalali. Changu nakiuza.